Mwaka wa Betri za Kuanika

Sudi amezikwa Alhamisi, na mimi sikulia. Nilikaa uani kwake na wanawake wenzangu, nikamenya vitunguu vya pilau, na vitunguu vya msimu huu havina ukali, kwa hiyo hata chozi la kusingizia halikunitoka. Mjane wake akanishika mkono, akaniambia, “Dada Kabula, marehemu alikuwa akikutaja sana.” Nikamjibu Mungu amrehemu. Lakini moyoni nikauliza: alinitaja mbele ya nani? Maana mimi na Sudi, tangu ujana wetu, shida yetu ilikuwa hiyo moja tu. Yapo aliyoyasema tukiwa wawili, na yapo aliyoyasema mbele za watu.

Sokoni Tabora wananijua kwa asali na kwa ubishi. Wachache wanajua kwamba napenda muziki mzito, ule wa magitaa ya kukwaruza na waimbaji wa kuunguruma. Mjukuu wangu Rehema, yule aliye chuo, alinijazia simu albamu za vijana wa siku hizi akidhani atanitisha. Nilizisikiliza zote huku nachuja asali, na nyingi, nasema wazi, ni za ovyo. Yupo mpiga ngoma anakimbia kama mtu anayefukuzwa na nyuki, dakika arobaini nzima hapumui. Nikamwambia Rehema huyo si mpiga ngoma, huyo ana haraka ya kwenda kwao. Yupo mwimbaji anayesukutua koo tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, na ukimsikiliza vizuri unagundua hana la kusema. Nyingine jalada lake limejaa mifupa na moto, nikategemea makubwa, kumbe gitaa lenyewe jembamba, linawasha masikio tu. Hiyo niliipa tatu kwa kumi, na moja kati ya hizo tatu ni ya huruma. Halafu ikaja albamu ya nne. Ilianza polepole. Nyuzi za gitaa zimelegezwa mpaka zinakoroma, ngoma ikapiga moja, ukangoja, ukangoja tena, ndipo ikapiga ya pili, na sauti ya mtu ikatoka chini kabisa. Nikaiweka ndoo chini. “Bibi, vipi?” Rehema akauliza. Nikamwambia muziki huu naujua. “Bibi, hii imetoka mwaka huu.” “Nakwambia naujua! Niliusikia hapa hapa Tabora, mtaa wa Ng'ambo, kabla mama yako hajazaliwa.” Rehema akacheka mpaka akashika ukuta. Mtoto wa watu hana kosa, lakini kicheko kile kilinichoma palepale nilipochomwa zamani.

Ulikuwa mwaka ule watu wa vijijini walipokuwa wanahamishiwa vijiji vipya. Malori yalipita na vitanda, kuku na milango iliyong'olewa kwenye fremu zake, na mjini vitu vilikuwa vimeanza kuadimika madukani, sukari leo, sabuni kesho, betri za redio karibu mwaka mzima. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilitolewa Urambo kuja kumsaidia shangazi yangu, Bi Mwajuma, aliyekuwa amevunjika mguu, na makubaliano yalikuwa wazi: mguu ukipona, narudi Urambo kwenye tumbaku. Anayejua tumbaku haniulizi kwa nini sikutaka kurudi. Kuchuma majani alfajiri mpaka mikono inaota ulimbo mweusi usiotoka kwa sabuni, kuyafunga kwenye fito, kuyapandisha kwenye bani, lile banda la kukaushia lenye moto, kisha kuingia humo humo kuyashusha huku kichwa kinazunguka. Shangazi mwenyewe aliniambia, “Ukipata kazi ya heshima hapa mjini, nitawaambia wenyewe sikuachii. Usipopata, sina la kusema.” Basi nilihesabu siku kwa mguu wa shangazi. Kila alipopiga hatua bila fimbo, mimi roho yangu ilishuka.

Nyumba yake ilikuwa ya udongo na bati, ujia katikati, vyumba huku na huku, na kuta hazikufika juu. Mtu akikohoa chumba cha kwanza, wa chumba cha mwisho anamwambia pole. Chumba cha mwisho alipanga Sudi, fundi redio, kijana wa palepale mjini, mrefu, ananukia risasi ya kuchomelea na mafuta ya nazi. Mchana alifanya kazi kwenye duka la kutengeneza redio karibu na soko. Jioni, kabla ya magharibi, aliporudi alipiga santuri. Binamu yake alikuwa baharia wa meli ya Ziwa Tanganyika, na kila alipotoka Zambia alimletea santuri za vijana wa kule kwenye machimbo ya shaba, wanaopiga gitaa kama wanavunja miamba, na nyingine za Wazungu zilizopita kwenye mikono ya hao wachimbaji. Zilishuka Kigoma, zikapanda treni, zikafika Tabora zimefungwa katikati ya mikeka. Jioni ya kwanza nilisikia juu ya ukuta gitaa moja linapayuka, halinyamazi, na mwimbaji anajitahidi kuingia hapati nafasi. Nilivumilia nikashindwa. Nikapaza sauti kule kule kitandani nilikokuwa nakunja nguo: “Mwambie huyo wa gitaa amwachie na mwenzake aseme!” Sauti ikajibu juu ya ukuta, “Nani huyo hakimu?” Shangazi akasema, “Ni mpwa wangu kutoka Urambo, na wewe Sudi usimzoee.”

Alinizoea. Chumbani kwake sikuingia, shangazi asingekubali hata kidogo, kwa hiyo gramafoni ilitolewa ikawekwa kwenye ujia, juu ya kinu kilichopinduliwa, na shangazi akakaa mlangoni kwake na mguu wake juu ya mto, akitusikiliza na kututazama. Tulikula matobolwa, vile viazi vitamu vya kukaushwa, yaliyochemshwa na karanga, tukanywa chai ya rangi yenye asali kwa sababu sukari hakuna. Nilikuwa na daftari la shule lililobaki kurasa, nikalifanya la hukumu. Majina ya santuri yalikuwa ya Kizungu na mengine yamefutika, basi tukazibatiza kwa picha za majalada. Santuri ya Farasi: upande wa kwanza wanaume wa kazi, upande wa pili wamelala, sita. Santuri ya Mishumaa: inatisha kwenye jalada tu, ndani ni kwaya ya harusi, nne. Santuri ya Kofia: mpiga gitaa anafikiri kupiga nyuzi nyingi ndiyo kupiga vizuri, mbili, na Sudi akabisha siku tatu. Alikuwa akisema, “Wewe Kabula una masikio ya mzee.” Alikuwa akisema, “Mimi nasikia redio imekufa wapi, lakini wewe unasikia wimbo umekufa wapi.” Nilikuwa sijawahi kusifiwa kwa kitu kilicho kichwani mwangu. Nilisifiwa kwa kubeba maji.

Sasa jambo la betri. Chumba cha Sudi hakikuwa na umeme, gramafoni ilikula betri sita kubwa, na betri mpya hazikuonekana. Tulifanya walivyofanya watu wote. Asubuhi nilizipanga juu ya bati la jiko, mimi mwenyewe, juani, nikazigeuza saa sita kama mtu anayeanika dagaa, na jioni Sudi akaziuma moja moja kwa magego, akazirudisha ndani, zikafanya kazi nusu saa. Redio ikila betri chakavu inanong'ona tu. Mimi nikadhani na gramafoni ni vivyo hivyo, inapungua sauti basi. Sikujua kwamba inapungua na mwendo. Santuri za zamani nilikuwa nimezisikia mwanzoni na betri nzima, na wakati wa shida hatukuzirudia, lakini moja ililetwa katikati ya ule ukame wa betri, na sisi hatukuwahi kuisikia kwa namna nyingine. Jalada lake lilikuwa jeusi, na katikati picha ya jiwe. Tukaiita Jiwe.

Hebu nijaribu kuieleza. Gitaa liliingia zito, linajivuta, kila mlio unakaa mpaka uchoke ndipo mwingine uje. Ngoma zilikuwa chache, na kila moja uliihisi kwenye kiti. Halafu akaimba mtu wa sauti nene mno, mwenye huzuni ya miaka mingi, tukampa jina la Mzee wa Pangoni. Shangazi aliacha kuchambua mchele. Akasema, “Huyu kafiwa.” Sudi alikuwa ameinamisha kichwa, na niliona vinyweleo vya mkono wake vimesimama. Mimi nilikuwa nalia, na sikuona haya. Kila kitu cha mwaka ule kilikuwa mle: malori, milango iliyong'olewa, mguu wa shangazi unaopona. Niliandika kumi, nikatia na jina langu. Ndiyo kumi pekee katika daftari lile, na Sudi akachukua kalamu, akaandika jina lake chini ya langu.

Wiki hizo hizo Mzee Feruzi, msimamizi wa ukumbi wa mtaani, alitangaza kwamba anatafuta mtu wa kuchagua santuri za dansi la Jumamosi mchana na kuzisemea mbele ya watu. Yalikuwapo manung'uniko kwamba vijana wanaletewa makelele ya kigeni, kwa hiyo alitaka mtu mwenye akili, anayeweza kueleza muziki una maana gani kwa watu wanaojenga nchi. Sudi ndiye aliyenipeleka. “Shikamoo, mzee. Huyu ndiye nilikwambia.” Mzee Feruzi akalisoma daftari langu amesimama, akacheka kwenye ile ya kwaya ya harusi, akasema, “Marahaba, binti. Jumamosi ya mwisho wa mwezi njoo na santuri moja. Utaisemea, watu wataisikia. Ukiwashika, kazi ni yako.” Nilirudi nyumbani nimebebwa na upepo, santuri nimekwisha kuichagua: Jiwe. Shangazi akasema, “Ukiipata hiyo, Urambo wasahau.” Mguu wake ulikuwa umepona kabisa, alikuwa anachechemea kwa hisani tu.

Siku kadhaa kabla ya Jumamosi hiyo nilipita kwa kinyozi nikiwa na ndoo ya maji kichwani, nikasikia sauti ya Sudi ndani na vijana wenzake. Wanacheka sana. Mmoja akasema, “Kwa hiyo hajui mpaka leo?” Sudi akasema, “Ngojeni Jumamosi.” Mimi mjinga nikafurahi. Nilidhani ananipamba, anawaambia waje wanisikie. Nikatembea na maji yangu huku nayarudia maneno nitakayosema, na nikafika nyumbani nusu ya ndoo imemwagika.

Ukumbi ulijaa. Wazee walikaa viti vya mbele, vijana wamesimama ukutani, na gramafoni ya ukumbi, ya umeme, juu ya meza yenye kitambaa. Nilivaa gauni la shangazi lililopunguzwa. Nilisema, na nilisema vizuri, hilo hakuna wa kuninyang'anya. Niliwaambia huu ni muziki wa watu wanaobeba kitu kizito pamoja, hauna haraka kwa sababu mzigo wenyewe hauna haraka. Niliwaambia mwimbaji ni mzee aliyepoteza vingi, na sauti yake inatoka kwenye shimo la machimbo. Niliwaambia mimi na mwenzangu Sudi tumeipa kumi. Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Mzee Feruzi akanitazama kwa macho ya kusema kazi unayo. Sindano ikashuka.

Ukatoka wimbo wa kuruka kamba. Haraka, mchangamfu, gitaa linarukaruka, ngoma zinatekenya, na alipoingia Mzee wa Pangoni alikuwa msichana. Msichana mwenye sauti nyembamba kabisa, anacheka katikati ya maneno. Nilidhani wamebadilisha santuri. Nikasogea, nikaona jiwe lile lile kwenye jalada. Kicheko kilianzia ukutani kwa vijana wa kinyozi, kwa sababu wao walikuwa wamekuja wamejiandaa, kikaenda mpaka viti vya mbele, na mmoja wao akapiga kelele, “Mzee wa Pangoni kavaa sketi!” Jina hilo nilikuwa sijalitaja pale. Lilikuwa kwenye ujia wa shangazi tu na ndani ya daftari. Nikamtafuta Sudi kwa macho. Alikuwa kati yao. Mzee Feruzi akamwita, “Fundi, na wewe umesema kumi?” Ukumbi ukamgeukia. Alinitazama, halafu akatazama wenzake, akacheka, akasema, “Si mimi, mzee. Ni huyu binti.”

Nilikuja kuelewa baadaye, kutoka kwa shangazi aliyembana mpaka akasema. Wiki tatu kabla Sudi alikuwa ameipeleka Jiwe dukani kujionyesha kwa wenzake, akaisifu kama tulivyoisifu, akaiweka kwenye umeme, ikazunguka kwa mwendo wake wa kweli, ikatoka msichana. Walimcheka mpaka mafundi wa duka la pili wakaja kuuliza kuna nini. Akajiokoa haraka: akasema yeye alijua, ni yule mshamba wa Urambo aliyedanganyika na betri za kuanika. Kila jioni kwa wiki hizo tatu alirudi nyumbani, akaziuma betri kwa magego, akaniwekea Jiwe ile ile nzito, akakaa kando yangu akisikiliza nikipanga maneno yangu. Neno moja lingetosha. “Kabula, lete santuri nyingine.” Tulikuwa nazo kumi na nne. Ningekwenda na ya Farasi, upande wa kwanza, na maisha yangu yangekuwa mengine. Kuchekwa na ukumbi nilikwisha kupoa. Zile jioni za matobolwa, mpaka leo sijapoa.

Niliondoka Jumanne kwa treni. Miaka minane niliifanya kwenye tumbaku kabla sijaolewa na mtu wa nyuki, tukarudi Tabora na mizinga, na Sudi tukawa tunasalimiana barabarani kama watu waliowahi kupanga nyumba moja. Miaka yote hiyo, mpaka siku ya albamu za Rehema, sikuweka hukumu kwenye wimbo wowote. Nilisikiliza, nikanyamaza. Nani angeniamini, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeacha kujiamini? Huko kujiamini ndiko alikoniibia, wala si kazi ya ukumbini.

Mwezi uliopita aliniita. Figo zimechoka, wakaniambia, anataka kuwaaga watu. Nilikwenda na Rehema. Alikuwa chumba cha pembeni ya sebule, amekwisha, vidole vile vya ufundi vimebaki mifupa. Rehema akabaki uani na wanawake. Sudi hakuzunguka. “Kabula, ile Jiwe,” akasema. Nikamwambia imepita hiyo, pumzika. “Sikiliza. Ile ya umeme sikuipenda hata siku moja. Wimbo wa watoto. Yetu ndiyo ilikuwa nzuri. Nilipokuwa naiweka zile jioni nilikuwa naiweka kwa sababu nataka kuisikia.” Jamani. Mtu anaweza kufikiri maneno hayo yangeniponya. Yaliniwasha moto. Wale walionicheka walisikia msichana anaimba, wakacheka, haki yao. Yeye alisikia nilichosikia, vinyweleo vikamsimama, akaijua kumi kuwa kumi, na bado akacheka nao.

Lakini alikuwa mgonjwa, na mimi si mnyama. Nikatoa simu, nikamwekea ile albamu ya nne ya Rehema, ile ya polepole. Gitaa likakoroma chumbani. Akafumba macho. Ngoma ikapiga, tukangoja wote wawili, na ya pili ilipopiga akaipokea kwa kidole juu ya shuka. “Hao vijana nao wana betri mbovu?” akauliza, nikajikuta nacheka. “Wamefanya makusudi,” nikamwambia. “Dunia nzima siku hizi wanafanya makusudi.” Machozi yakamshuka mpaka kwenye sikio. Akasema, “Kumi.” Akanishika mkono. Nakiri, kwa dakika ile nilikuwa nimemsamehe. Nilikuwa tayari kurudi kesho yake na zile nyingine tuzigombanie.

Mlango ukafunguliwa. Mwanawe mkubwa aliingia na wageni watatu kutoka msikitini, watu wa kanzu na adabu zao, wamekuja kumwombea mgonjwa dua. Simu ilikuwa inaunguruma juu ya shuka. Mwanawe akakunja uso. “Baba, makelele gani haya?” Nilimtazama Sudi. Sikuhitaji hotuba. Angesema “ninasikiliza,” ingetosha; mgonjwa hanyimwi kitu. Aliwatazama wale wageni mmoja mmoja, akajifuta sikio kwa kiganja, na akatabasamu tabasamu lile lile la ukutani kule ukumbini, mtu wa kufa kesho.

“Si mimi, mwanangu,” akasema. “Ni huyu bibi.”

Mwanawe akanyoosha mkono aizime, nikamtangulia. Nikaichukua simu yangu, nikaomba radhi kwa wageni, nikatoka. Sikuizima. Niliiongeza mpaka mwisho, nikapita nayo sebuleni, nikapita nayo ujiani, na uani wanawake wakaacha kuchambua mchele wakanitazama. Rehema akasimama ghafla, ameshika mdomo. “Bibi! Watu watasema nini? Nani kaweka hiyo?”

“Mimi,” nikamwambia, na nikasema kwa nguvu ili walio ndani nao wasikie. “Ni mimi.”